Daftari la Joto Linalopotea

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, mafundi na wachokonozi wenzangu,

Mwenyekiti amenitambulisha kwenu kuwa ni mvumbuzi, nami kwa heshima zote naomba nimsahihishe kabla hatujafika mbali. Kazi inayonipa riziki ni utunzaji wa hesabu. Sijasomea uhandisi, sina hataza hata moja, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, na kifaa ninachokithamini kuliko vyote katika chumba changu cha uchokonozi ni kipimajoto. Nilichonacho ni daftari ambamo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika kila wazo linalonijia kuhusu vyombo vinavyoweza kufanya kazi ileile kwa nishati pungufu. Kisha siku ya pili, nikiwa nimetulia, ninalipigia wazo hilo hesabu. Mengi hayamalizi siku hiyo ya pili. Jioni hii nitawaonyesha baadhi ya yaliyokufa, kwa kuwa ndiyo yaliyonifundisha zaidi, halafu nitawaeleza matatu ambayo bado yanapumua.

Sisi watu wa ridhaa hatuna sababu ya kuona haya katika fani hii. Robert Stirling, aliyepata hataza ya injini ya hewa moto mwaka 1816, alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uskoti. James Prescott Joule, ambaye jina lake ndilo kipimo cha nishati duniani kote, alitoka katika familia ya watengenezaji wa bia na alifanya majaribio yake huku akishughulika na kiwanda cha kwao. Katika miaka ya 1840 Joule aliweka mapanga ndani ya chombo cha maji, akayazungusha kwa mizigo iliyokuwa ikishuka taratibu, kisha akasoma kwa kipimajoto maji yalivyopata moto. Ongezeko lilikuwa dogo mno, na waliomsikiliza mwanzoni hawakumtilia maanani, lakini alirudia na kurudia mpaka namba zake zikakubaliana.

Tukitumia vipimo vya leo, jaribio lile linatuambia jambo ambalo ninaomba mlishike muda wote nitakaokuwa nimesimama hapa. Kunyanyua mzigo wa tani moja hadi urefu wa mita 10, kazi ambayo ingewatoa jasho wanaume kumi, kunahitaji kilojouli 98 hivi. Kilojouli hizo zikigeuzwa zote kuwa joto na kutiwa katika lita moja ya maji, maji hayo yatapanda kwa nyuzijoto 23 tu, yaani hata theluthi ya safari ya kuchemka hayajaifika. Kile ambacho miili yetu inakiona kuwa ni kazi nzito, kunyanyua na kusukuma, katika daftari la nishati ni kiasi kidogo. Na kile tunachokifanya bila kukifikiria, kupasha maji au kupoza chumba, ndicho kinachomaliza hesabu yote. Mimi sikulijua hilo nilipoanza, na kutolijua kulinigharimu miezi minane.

Miezi hiyo niliitumia kwenye sakafu ya kuzalisha umeme kwa nyayo. Wazo lenyewe linavutia, na sishangai kwamba linazaliwa upya kila baada ya miaka michache: watu wanapita kila siku mahali penye msongamano, wanakanyaga, sakafu inabonyea kidogo, na chini yake kuna chombo kinachogeuza mbonyeo huo kuwa umeme. Nilitengeneza kigae kimoja kwa mbao, springi na mota ndogo ya kuchezea, nikakikanyaga, taa ndogo ikamweka, nikajiona nimefika. Hesabu niliipiga baadaye. Mtu wa kilo 70 akikanyaga kigae kinachoshuka milimita 5 hutoa jouli 3.4 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 kunahitaji jouli 335,000. Kwa hiyo, hata kama mashine isingepoteza chochote, zingehitajika hatua karibu laki moja ili kuchemsha lita hiyo moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini hawakusema ni haba ngapi. Sehemu hiyo walituachia sisi watunza hesabu. Isitoshe, nishati yenyewe haikuwa ya bure, kwa maana anayetembea juu ya sakafu inayobonyea hufanya kazi zaidi, kama atembeaye mchangani. Nilikuwa nimebuni njia ya kuwachosha wapita njia kwa ajili ya taa moja.

Wazo la pili lililokufa ni pangaboi la upepo juu ya paa la gari ili lichaji betri gari linapokwenda. Hili halihitaji maelezo marefu. Upepo ule unatokana na injini yenyewe, na pangaboi hulirudisha gari nyuma kwa nguvu kubwa kuliko ile linayoitoa. Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza mwaka 1775 kwamba hakitapokea tena mapendekezo ya mashine za kujiendesha milele, na kila mwezi daftari langu hunikumbusha kwa nini walichoka.

La tatu lilikuwa kuhifadhi umeme wa jua kwa kunyanyua jiwe zito mchana na kuliacha lishuke usiku. Ili kuhifadhi kilowati-saa moja kwa jiwe la tani moja, jiwe hilo lazima lipande mita 367. Mabwawa yanayopandisha maji mlimani ili yashuke baadaye kuzungusha mitambo hufaulu kwa sababu yana mamilioni ya tani za maji na tofauti ya mamia ya mita. Nyumba ya kawaida haina kimojawapo.

Baada ya mazishi hayo matatu nilibadili mpangilio wa daftari. Badala ya kuandika kwanza chombo ninachotaka kutengeneza, nilianza kuandika joto linakwenda wapi, kiasi gani, na likiwa na nyuzijoto ngapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi wetu huisahau. Sadi Carnot, mhandisi kijana wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1824 kwamba kiasi cha kazi kinachoweza kupatikana kutokana na joto kinategemea tofauti ya nyuzijoto kati ya mahali linapotoka na mahali linapokwenda. Chukueni maji ya nyuzijoto 35 katika mazingira ya nyuzijoto 20: hata mashine kamilifu kabisa, isiyo na msuguano wala mvujo, haiwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya asilimia 5 ya joto inalolipokea kutoka kwenye maji hayo. Kwa hiyo kila ninapomsikia mwenzangu akitaka kutengeneza umeme kutokana na joto la nyuma ya jokofu au maji ya bafuni, ninamwomba aache. Joto la chini litumike likiwa joto, kwa kupelekwa kwa kitu kingine kinachohitaji kupashwa, na hapo karibu lote linafaa.

Na hilo linanifikisha bafuni, kwenye wazo la kwanza linalopumua. Tuchukue bomba la mvua linalotoa lita 8 kwa dakika, maji yakiingia nyumbani na nyuzijoto 20 na kumfikia muogaji na nyuzijoto 40. Kwa muda wote anaooga, nguvu inayopasha maji hayo ni kilowati 11. Tunagombana na watoto kwa sababu wameacha taa ya wati 9 ikiwaka, kisha tunaingia kuoga. Maji yanagusa mwili kwa sekunde mbili tatu, halafu yanaingia shimoni yakiwa bado na nyuzijoto 35 au karibu na hapo, ambayo ni robo tatu ya joto lililotumika kuyapasha.

Katika nyumba za ghorofa jibu lilikwishapatikana na linauzwa. Ni bomba nene la shaba lililosimama wima, ambamo maji machafu hushuka yakiwa yamejitandaza kama utando kwenye ukuta wa ndani, huku bomba jembamba la maji safi likilizunguka kwa nje kuelekea kwenye hita au kwenye bomba la mvua. Maji safi huchukua joto la maji machafu bila kukutana nayo, bila pampu, bila umeme, bila kitu chochote kinachozunguka. Hufanya kazi kwa sababu katika kuoga kwa bomba la mvua maji yanaingia na kutoka kwa wakati mmoja. Kwa beseni haliwezekani.

Tatizo ni kwamba nyumba isiyo na ghorofa haina mahali pa kusimamisha bomba hilo, na hapo ndipo ninapochokonoa. Nimetengeneza sinia bapa la shaba linalokaa chini ya kichanja cha mbao anachokanyaga muogaji, na chini ya sinia nimelaza bomba la maji safi likipinda kwenda na kurudi. Siku za kwanza nilifurahi sana. Kipimajoto cha maji yanayoingia kilipanda ndani ya dakika moja. Wiki ya tatu kilikuwa hakipandi tena. Nilipoinua kichanja nilikuta utando wa sabuni wa rangi ya kijivu, mnene kama ganda la yai, umeshikamana na nywele juu ya shaba yote, na utando wa namna hiyo ni kihami, yaani kizuizi cha joto, kizuri kuliko nilivyodhani. Sasa sinia lina mwinamo mkali zaidi na linanyanyuka kwa mkono mmoja ili lisuguliwe. Jambo jingine ambalo sitaki mtu yeyote aliige bila kulielewa: kati ya maji machafu na maji ya kunywa usiwepo ukuta mmoja. Ziwepo kuta mbili na nafasi kati yake iliyo wazi kwa nje, ili ukuta mmoja ukitoboka mvujo uonekane sakafuni kabla haujaingia katika bomba la maji safi. Tukifanikiwa kurudisha hata asilimia 40 ya zile kilowati 11, ni zaidi ya kilowati 4 kila bomba linapokuwa wazi, sawa na kuzima karibu taa 500 za wati 9.

Wazo la pili ni barafu, na hapa ninaomba mnivumilie kwa kuwa ndilo ninalolipenda. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunameza kilojouli 334, kiasi ambacho ni karibu sawa kabisa na kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi kuchemka. Ukirudi kwenye jiwe langu, ni sawa na kunyanyua tani moja hadi mita 34. Ninakiri kwamba mlinganisho huo una hila ndani yake, kwani barafu inayoyeyuka haiwezi kunyanyua jiwe. Lakini kama unachokihitaji usiku ni ubaridi, mbona uhifadhi umeme, ambao ni ghali kuuhifadhi, ili uugeuze kuwa ubaridi baadaye? Hifadhi ubaridi wenyewe. Tuseme joto linalopenya ndani ya jokofu lenye kihami kizuri ni wati 40. Kilo 10 za barafu zitalimeza joto hilo kwa saa 23. Jokofu la namna hiyo linaweza kufanya kazi jua linapowaka, kwa paneli tu, na kulala usiku kucha bila betri. Majokofu ya chanjo yanayotumia sola moja kwa moja, ambayo Shirika la Afya Duniani limeyakubali, yanategemea kanuni hii. Swali langu ni kwa nini jokofu la nyumbani halifanyi vivyo hivyo.

Ugumu wake nimeujua kwa mikono yangu. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na usiku mmoja nilipojaza chupa za kioo hadi mdomoni niliamka kukuta rafu imejaa vigae vya chupa. Ugumu wa pili ni kwamba barafu ikiwekwa ovyo hugandisha vitu vilivyo karibu nayo huku vilivyo mbali vikiharibika. Hapo maji yenyewe yanatusaidia kwa tabia moja ya ajabu: ni mazito kuliko wakati mwingine wowote yakiwa na nyuzijoto 4. Yakipoa chini ya hapo huanza kuwa mepesi tena, ndiyo maana barafu huelea. Sasa fikirini chumba cha jokofu kilichovikwa jaketi la maji, na barafu ikiwa sehemu ya juu ya jaketi hilo. Maji ya nyuzijoto 0, yaliyoyeyuka sasa hivi, hubaki juu kwa kuwa ni mepesi. Yale ya nyuzijoto 4 hushuka na kukizunguka chumba. Yakipata joto kidogo na kufika 5 au 6 huwa mepesi, hupanda hadi kwenye barafu, hupoa, na kushuka tena. Hakuna feni, hakuna kidhibiti, na chumba hakiwezi kuganda hata barafu iwe nyingi kiasi gani. Nilipolielewa hilo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda mrefu mbele ya ndoo ya plastiki, jambo ambalo nyumbani kwangu halikueleweka.

Jokofu lenye akiba ya barafu lina faida nyingine inayolihusu gridi nzima. Umeme wa gridi huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na katika baadhi ya nchi 60. Mahitaji yanapozidi uzalishaji, mitambo hupungua kasi kidogo na namba hiyo hushuka. Uzalishaji ukizidi, hupanda. Habari hiyo iko katika kila soketi, na kijisaketi rahisi kinaweza kuisoma bila intaneti wala simu. Jokofu likiisoma na kuona kwamba gridi imelemewa, lisubiri, maana barafu ipo. Likiona kwamba umeme umezidi, litengeneze barafu. Wazo la vyombo kuisikiliza gridi limekwishajaribiwa na watu wenye uwezo kuliko mimi, na onyo lao ninalirudia: majokofu yote yasiwe na kizingiti kimoja cha kuzimika na kuwaka, la sivyo yatazimika pamoja na kuwaka pamoja, na mtetemo huo ni mbaya kuliko ugonjwa uliokuwa unatibiwa. Kila moja lipewe kizingiti chake na subira yake, kwa bahati nasibu.

Kuhusu feni nitasema sentensi moja, kwa kuwa mtu ameniuliza mlangoni: feni ikizungushwa nusu ya kasi yake hupitisha nusu ya hewa kwa takribani thumuni ya nguvu, kwa hiyo pangaboi kubwa la polepole hulishinda dogo la kasi, na hakuna uvumbuzi wowote unaohitajika.

Wazo la tatu ndilo nisilo na hakika nalo, na nimelibakiza kwa sababu ya uzuri wake. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga usioonekana, na hewa iliyo juu yetu huuachia sehemu fulani ya mnururisho huo, yenye urefu wa mawimbi kati ya mikromita 8 na 13, ipite moja kwa moja hadi anga za juu ambako ni baridi kupita kiasi. Katika jangwa la Uajemi watu wa kale waligandisha maji katika vidimbwi vya kina kifupi kwa njia hii, usiku ambao hewa yenyewe haikufika nyuzijoto 0. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kigae chenye tabaka nyembamba kilichobaki karibu nyuzijoto 5 chini ya hewa kikiwa juani mchana. Mimi sina maabara ya kutengeneza tabaka hizo, lakini usiku hauhitaji ustadi huo. Ninafikiria paa la bati lililopakwa rangi ya kawaida, ambayo hunururisha vizuri, na maji yakitiririka taratibu juu yake usiku, kisha yakirudi katika tangi lililovikwa kihami ili yapoze vyumba mchana. Paa la mita za mraba 20 likipoteza wati 40 kwa kila mita kwa saa 10 litakuwa limetoa ubaridi wa kilowati-saa 8, ambao ni kama kilo 86 za barafu, kwa gharama ya pampu ndogo tu. Adui ni unyevu: hewa yenye mvuke mwingi na mawingu hulifunga dirisha lile la kupitishia mnururisho, na mahali pa namna hiyo paa langu litakuwa bati lililolowa. Nimefanya usiku tisa wa vipimo, na matokeo yamenipandisha na kunishusha kama mgonjwa wa homa.

Kabla sijaondoka jukwaani, ninadaiwa ukweli mmoja. William Stanley Jevons aliandika mwaka 1865 kwamba injini za mvuke zilizotumia makaa machache zaidi hazikupunguza matumizi ya makaa nchini Uingereza. Ziliyaongeza, kwa sababu kazi za injini zilikuwa nafuu na watu wakazizidisha. Mimi mwenyewe nilipofunga taa za LED nilianza kuiacha ya nje ikiwaka hadi asubuhi, na nilikuwa na sababu nzuri ya kujitetea kila usiku. Kwa hiyo sisemi kwamba sinia la shaba au jaketi la maji litapunguza matumizi ya nishati duniani. Ninasema litapunguza kiasi kinachohitajika kwa muogo mmoja na kwa jokofu moja, na hilo linapimika.

Jaketi lenyewe liko juu ya meza karibu na mlango, ndani ya ndoo mbili zilizoingizwa moja katika nyingine. Barafu niliiweka saa 12 asubuhi leo, na sijaiongeza. Kuna vipimajoto viwili, kimoja juu na kimoja chini, na karatasi yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nilipoangalia kabla ya kupanda hapa, cha chini kilisoma 4 na nusu. Asiyeniamini na akisome mwenyewe, kisha aandike saa na namba kwenye karatasi ile. Nitaihitaji kesho nikifungua daftari.